Nimechomoa kebo na iperf3 bado inasoma 38 Gbit/s: hivi draiva ya kadi ya mtandao inatestiwa kweli ndani ya kontena?

KekoMachungwa — #1
Wakuu habari za jioni. Ofisini tuna kaseva kamoja tu, kamejaa kontena za LXC (vyumba vilivyotengwa ndani ya Linux moja), na bosi hataki kusikia habari ya kununua mashine ya pili. Kuna draiva ya kadi ya giga moja nimeitia viraka viwili vitatu ikubali kwenye keneli (kiini cha Linux) mpya maana wenye chipu waliitelekeza zamani, sasa kabla haijaenda kwenye maboksi ya matawini lazima niitesti. Nikachomeka kadi mbili kwenye hako kaseva, kebo ikatoka kadi hii ikaingia kadi ile, moja nikaipa 10.9.0.1 nyingine 10.9.0.2, nikawasha iperf3, ile programu ya kupima spidi ya mtandao. Ikasoma 38 Gbit/s. Kadi za giga moja! Nikachomoa kebo katikati ya testi, taa zikazima kabisa, iperf3 ikaendelea kuhesabu kama vile hakuna kilichotokea.

Sasa hii testi ina maana gani? Na nikiweka kadi moja ndani ya kontena itakuwa afadhali au ndo nitajidanganya zaidi? Jamaa mmoja kaniambia draiva haitestiwi kwenye kontena hata siku moja, mwingine kasema hata wanaoandika keneli yenyewe wanafanya hivyo hivyo. Nani muongo hapa?

Chapa_Lapa — #2
38 Gbit/s bila kebo 😂😂 mkuu hiyo kadi usiitoe ofisini mchana, watakupora

BintiSeva — #3
Hakuna muujiza. Linux ikiona anwani zote mbili ni za mashine hiyo hiyo haihangaiki kutoa paketi nje, inazigeuza humo humo ndani. Andika `ip route get 10.9.0.2`, utaona inakujibu `local 10.9.0.2 dev lo`, lo ni kadi ya kuigiza ya mashine kujiongelesha yenyewe. Kuna jedwali la njia linaitwa local, linasomwa kabla ya mengine yote, ukiandika `ip rule` utalikuta limekaa namba 0 juu kabisa. Kwa hiyo hapo umepima CPU na RAM, draiva yako haijaguswa hata na paketi moja. Ukitaka kuhakikisha piga `ip -s link show` kwenye kadi zote mbili kabla na baada ya iperf3 uone kama namba zimesogea.

Kijana_wa_Buza — #4
Si aweke tu -B kwenye iperf3 achague atoke na kadi ipi? Mbona rahisi

Mzee_wa_Modemu — #5
Kijana #4 hapana. -B ukiipa anwani tupu inachagua anwani ya kutokea, haichagui kadi, njia inabaki ile ile ya lo. Ukiilazimisha kadi yenyewe (`ping -I enp2s0`, au --bind-dev kwenye iperf3 za karibuni) paketi kweli inatoka kwenye waya, ila ikifika upande wa pili keneli inatazama anwani ya aliyetuma, inakuta ni anwani yake yenyewe, inaitupa. ARP (kuulizia nani mwenye anwani) hairudi, ping inakaa kimya, na wewe unabaki kulaumu draiva.

Sisi zamani tulikuwa tunawasha `accept_local`, tunalegeza rp_filter (zote ni za ukaguzi wa anwani ya mtumaji), halafu ile rule ya jedwali la local tunaisogeza chini ya rule yetu. Wengine walitumia iptables na anwani za uongo, NAT huku na NAT kule. Inafanya kazi ila ukirudi wiki ijayo hukumbuki ulichofanya, na mashine nzima imebaki na njia za ajabu ajabu.

LuthuliBoy — #6
Mzee heshima zako lakini hizo ni za enzi hizo. Siku hizi unatenga neimspesi ya mtandao (chumba chenye anwani na njia zake humo humo kwenye mashine) unamaliza. Mimi hapa Nairobi kila kadi inayoingia dukani tunaipima hivi:

```
ip netns add kulia
ip link set enp3s0 netns kulia
ip netns exec kulia ip link set lo up
ip netns exec kulia ip addr add 10.9.0.2/24 dev enp3s0
ip netns exec kulia ip link set enp3s0 up
ip netns exec kulia iperf3 -s
```

Kadi ya kwanza inabaki kwa hosti na 10.9.0.1 yake. Sasa hosti haina habari tena na 10.9.0.2, kwake hiyo ni mashine ya mbali, lazima paketi ipite kwenye kebo. Kebo ya kawaida inatosha, gigabiti inajigeuza yenyewe huhitaji ile ya kukrosi. Ukichomoa kebo hapo itakufa kama inavyotakiwa kufa.

Kitu kimoja, IP weka BAADA ya kuhamisha. Kadi ikihama inashushwa na anwani zake zinafutika, watu wengi wanalia hapo.

KekoMachungwa — #7
BintiSeva na LuthuliBoy asanteni sana. Namba kweli zilikuwa hazisogei. Nimefanya kama #6 ila badala ya ip netns tupu kadi ya pili nimeipeleka ndani ya kontena ya LXC, kwenye konfigi nimeweka `lxc.net.0.type = phys` na `lxc.net.0.link = enp3s0`, kontena ikawaka na kadi ikapotea kwa hosti, ikaonekana ndani.

Matokeo: hosti kwenda kontena 941 Mbit/s safi kabisa, kila sekunde ni hiyo hiyo. Kontena kwenda hosti inacheza 610, 640, 590, na safu ya Retr (paketi zilizotumwa upya) inajaa. Kadi mbili zinafanana, draiva moja, kebo moja. Huo upande mmoja unaugua nini?

LuthuliBoy — #8
941 ndo kilele cha gigabiti ukiwa na MTU (ukubwa wa juu wa paketi) 1500, kwa kila fremu mzigo halisi wa TCP ni baiti 1448 kati ya 1538 zinazopita kwenye waya. Ukiona 941 ujue waya umejaa. Ukiona zaidi ya hapo ujue uko kwenye lo tena 😄

Hiyo 610 sasa ni kesi nyingine.

Paka_Shume — #9
Mi ndo yule jamaa aliyesema haitestiwi kwenye kontena, sio kwamba namjua mleta uzi ila msimamo ndo huo huo. Kontena haina keneli yake. Ni nyumba ya kupanga, kila mpangaji ana chumba na kitasa chake ila choo ni kimoja, kikiziba kimeziba kwa wote. Draiva iko kwenye keneli ya hosti, ndani ya kontena huwezi kupakia draiva yako tofauti, ukiipa kontena CAP_SYS_MODULE (ruhusa ya kupakia moduli) ukapiga modprobe unapakia kwa kila mtu. Draiva ikikosea pointa mashine nzima inaanguka na kontena zote. Sasa hapo umetesti nini ambacho usingetesti bila kontena? Chukua VM (mashine pepe), ipe kadi nzima kwa PCI passthrough, ikifa inakufa peke yake na keneli yake.

BintiSeva — #10
Paka unachosema kuhusu keneli moja ni kweli ila umekwepa swali. Kinachotengwa sio draiva, ni steki ya mtandao: anwani, njia, ARP, soketi, firewall. Na hicho ndo mleta uzi alikuwa anakihitaji ili paketi itoke nje ya mashine. Kontena hapa kazi yake ni kuwa mtu wa upande wa pili, sio gereza la draiva.

VM na passthrough nayo inataka IOMMU (ulinzi wa RAM dhidi ya kadi) kwenye bodi, na kadi ziwe kwenye kundi lake peke yake, kaseva ka mtaani hakana hayo.

Mwana_Beastie — #11
Nyie watu wa pengwini (Linux) mmeanza kelele juzi. FreeBSD, mfumo mwingine wa ukoo wa Unix, ina jail (kontena zake) toka 4.0 mwaka 2000, kazi ya Poul-Henning Kamp. Na jail yenye steki yake ya mtandao, VNET, Marko Zec wa Zagreb aliianza kama pachi za 4.x miaka ile ya mwanzoni mwa 2000, ndo ikaja kuwa VIMAGE. Kadi unaihamisha kwa mstari mmoja, `ifconfig igb1 vnet jela`, na kuirudisha `ifconfig igb1 -vnet jela`. Testi za pf (firewall) zinazokuja na FreeBSD yenyewe zinaunda jail na epair (jozi ya kadi za kuigiza), zinapima, zinabomoa. Sasa mnabishana nini.

Kijana_wa_Buza — #12
Ila bado Docker (wale wa programu ya kontena) ndo waliovumbua hii habari ya neimspesi mwaka 2013, wengine wote walikopi

BintiSeva — #13
😂😂 Kijana pole pole. Neimspesi za mtandao kwenye Linux zilianza kuingia na keneli 2.6.24 Januari 2008, zikawa za kueleweka kufikia kama 2.6.29 mwaka 2009. Docker walizikuta zinawasubiri, LXC pia ilizitumia kabla yao. OpenVZ (kontena za zamani za Linux) ilikuwepo toka 2005 na keneli yake ya kutiwa pachi. Solaris 10 ilitoka na zone (kontena zake) 2005, na zone yenye steki ya IP peke yake ikaja na toleo la 8/07.

Mzee_wa_Modemu — #14
OpenVZ umenikumbusha mbali. Ilikuwa na venet (kadi ya kuigiza) ambayo haina hata MAC, ukijaribu kutesti chochote cha chini ya IP unagonga ukuta, lakini kadi halisi ungeweza kuipa kontena kwa `vzctl set` na --netdev_add. Proxmox (mfumo wa kuendesha VM na kontena) nao walikuwa nayo mpaka toleo la 4.0 la 2015 wakahamia LXC. Mwana_Beastie na wewe usitambe sana, VIMAGE mpaka inawekwa kwenye GENERIC (keneli ya kawaida ya FreeBSD) ilikuwa 12.0 mwishoni mwa 2018, kabla ya hapo unakompaili keneli mwenyewe unaombea.

Mwana_Beastie — #15
Mzee hapo umenipata 😅 lakini kukompaili kulikuwa kunatujenga. Na kuna faida moja ya kutesti kwenye VNET watu hawaisemi: draiva ikiitwa kutoka kwenye taima au tukio lolote bila kuwekewa CURVNET_SET, haijui iko kwenye steki ya nani, inaanguka hapo hapo. Kwenye mashine isiyo na jail hiyo bagi haionekani maana steki ni moja tu. Draiva za zamani nyingi ziliumbuliwa hivyo.

KodiYaUsiku — #16
Linux ina mfano wake. Draiva ambayo mahali fulani imeandikwa `init_net` (neimspesi ya mwanzo, ya hosti) kwa mkono badala ya kuuliza `dev_net(dev)` inafanya kazi vizuri miaka yote mpaka siku kadi inahamia neimspesi nyingine, ndo unaona inatafuta vitu kwa hosti. KekoMachungwa pitia viraka vyako utafute neno init_net, dakika moja tu.

Na Paka_Shume, waandishi wa keneli wanafanya hivyo kweli. Fungua sosi ya keneli nenda `tools/testing/selftests/drivers/net`, soma README. Unaandika `net.config` unataja NETIF ambayo ndo kadi inayopimwa, unataja anwani za huku na za kule, halafu REMOTE_TYPE inaeleza upande wa pili utafikiwaje: `ssh` kama ni mashine nyingine, au `netns` kama ni neimspesi humo humo. Wamekubali kabisa kwamba mtu anaweza kuwa na mashine moja. Usipotaja kadi yoyote testi zinatumia netdevsim, draiva ya kuigiza iliyoingia keneli 4.16 mwaka 2018, haina chuma chochote nyuma yake.

Paka_Shume — #17
Haya nimesoma, README ipo kweli. Lakini netdevsim inapima kama keneli inaongea vizuri na draiva, haipimi chuma. Haina DMA (kadi kuandika yenyewe kwenye RAM), haina intarapti (kadi kumgutusha CPU), haina kebo mbovu. Na draiva zinafia huko.

Halafu mmesahau kisa cha 2016? Watu wa Twitter waligundua data mbovu inaingia mpaka kwenye programu ndani ya kontena. Swichi yao ilikuwa inaharibu paketi, kawaida cheksamu ya TCP inazikamata na kuzitupa, ila veth (jozi ya kadi za kuigiza inayounga kontena na hosti) ilikuwa inazipiga muhuri kwamba zimeshakaguliwa wakati hakuna aliyezikagua. Mashine za kawaida zilikuwa salama, waliokula hasara ni wa kontena zinazopitia veth, Docker ya IPv6 na Kubernetes na Mesos wote. Ikatengenezwa kwenye keneli lakini somo lipo: ukipitisha testi kwenye veth unampima veth.

LuthuliBoy — #18
Hiyo ni pointi, ila hapa hakuna veth, kadi halisi imehamishwa nzima nzima. Angekuwa anapitia docker0 (daraja la Docker) ningekuunga mkono.

Turudi kwa mgonjwa wetu wa 610. Kaka hiyo kontena umeiwekea limiti ya CPU? LXC nyingi zimewekewa. Angalia `cpu.max` ya kontena, halafu `cpu.stat` uone nr_throttled inapanda wakati wa testi. iperf3 ikitumia mgao wake wote inasimamishwa mpaka kipindi kinachofuata, spidi inashuka na draiva haina kosa lolote.

BintiSeva — #19
Inawezekana ila ningetegemea spidi ishuke bila Retr kujaa. Mtumaji akisimamishwa anatuma kidogo tu, hapotezi. Retr inasema kuna paketi zinapotea njiani au kwenye ringi (foleni ya kadi) ya mpokeaji, na mpokeaji wa upande huo ni kadi iliyobaki kwa HOSTI, sio ya kontena. Toa `ethtool -S enp2s0` tuone kama kuna missed, fifo au no_buffer, jina linategemea draiva.

Na angalia `/proc/interrupts`. Neimspesi haigawi intarapti, kadi zote mbili zinaweza kuwa zinamgongea CPU0 mmoja huku iperf3 mbili nazo zimekaa hapo hapo. Mashine moja kufanya kazi ya mtumaji na mpokeaji ndo bei unayolipa, zibandike kwa -A kwenye CPU tofauti.

Fundi_Ngamia — #20
Mnaruka mbali mno. Kadi ya pili ni PCIe au ni ile PCI ndefu ya zamani? PCI ya biti 32 kwa 33 MHz ni MB 133 kwa sekunde kwenye makaratasi, na hizo wanagawana wote waliochomekwa kwenye basi hiyo. Nimeona watu wanatafuta bagi ya draiva kumbe ni basi limejaa.

Chapa_Lapa — #21
Au ni zile kadi za stika ya Intel juu na chini chipu ya jina lingine 😂 mkuu pitisha `lspci -nn`, Intel inaanza na 8086, ukiona namba nyingine rudi dukani na risiti kama ulipewa

KekoMachungwa — #22
Hahaha risiti ya wapi. Majibu kwa mpigo:

Zote PCIe x1, lspci inaonyesha namba zinazofanana kwa kadi zote mbili. init_net haimo kwenye viraka wala kwenye draiva yenyewe. cpu.max ilikuwa na limiti kweli, nr_throttled ilikuwa inapanda, nimeiondoa ikafika kama 700 hivi lakini Retr haijaisha. Intarapti za zote mbili zilikuwa CPU0, nimezitenganisha, ikafika 760, mara nyingine inarudi 650 yenyewe. ethtool -S ya kadi ya hosti ina kitu kinaitwa rx_missed na kinapanda. Ya kontena iko sifuri.

LuthuliBoy — #23
Ona sasa, throttle ilikuwepo 😎

BintiSeva — #24
Na rx_missed nayo ipo 😎 Ongeza ringi, `ethtool -g` kwanza uone kikomo halafu -G.

Mama_Firewall — #25
Samahani kuingilia. Hosti ina conntrack (kufuatilia miunganisho) na rules kibao za firewall za kontena zote, ile neimspesi ya kontena mpya iko tupu. Paketi za data zikiingia kwa hosti kila moja inapita kwenye rules zote hizo ndani ya softirq (kazi ya keneli ya kushughulikia paketi) ile ile inayotakiwa kuondoa paketi kwenye ringi. Zikienda upande mwingine hosti inapokea ACK tu ambazo ni chache. Hapo una sababu ya upande mmoja kuumwa bila kugusa draiva. Weka kadi ZOTE mbili kwenye neimspesi zao, kushoto na kulia, hosti isihusike kabisa.

KodiYaUsiku — #26
Ushauri wa Mama_Firewall ndo ungekuwa wa kwanza kabisa. Kadi unayoipima na hosti yenye kazi zake zisikae chumba kimoja.

Ila jamani spidi ni kasehemu tu. Draiva iliyotiwa viraka mi ningeitesa kwa kupakia na kutoa, `rmmod` na `insmod` huku iperf3 inapiga. Tahadhari moja ambayo inaua skripti za watu: ukitoa moduli kadi inafutika popote ilipo hata ndani ya kontena, na ukiirudisha inazaliwa kwenye neimspesi ya mwanzo, kwa hosti, sio ile uliyokuwa umeihamishia. Kwa hiyo kila mzunguko uihamishe upya na IP uweke upya. Na NetworkManager ya hosti ikiiona imetokea inaweza kuirukia na kuanza kuiombea DHCP, iambie hizo kadi haimiliki.

Ukiona kwenye dmesg `unregister_netdevice: waiting for lo to become free. Usage count = 1` inajirudia, kuna mtu ameshika rejea hajaachia. Watu wa Docker wamelia na huo mstari miaka. Inaweza kuwa draiva yako, inaweza kuwa kitu kingine kabisa kwenye keneli. Jenga keneli yenye KASAN na lockdep na kmemleak (vikagua makosa vya keneli), keneli 5.17 kwenda juu kuna na NET_DEV_REFCNT_TRACKER inakutajia nani kashika.

Nahodha_wa_Likoni — #27
Msimwambie afanye rmmod kwenye hiyo mashine kama kontena nyingine ni za kazi! Mahali fulani huku Mombasa, sitaji, walimruhusu kijana wa mkataba ajaribu draiva "ndani ya kontena kwa hivyo ni salama", keneli ikapaniki saa nne asubuhi, ikaondoka na mfumo wa malipo, kamera, simu za mapokezi, kila kitu kilikuwa kontena kwenye chuma hicho hicho. Meneja alikuwa anauliza kwa nini kamera zimezima wakati zilizokuwa zinajaribiwa ni kadi za mtandao.

Paka_Shume — #28
Choo kimeziba. Nilisema #9.

KekoMachungwa — #29
Nahodha nimekusikia, kontena za kazi zinahamishwa Jumamosi usiku kwenye laptopu ya zamani, bosi kakubali baada ya kumsomea hiyo ya kamera 😂

Sasa balaa lingine. Nimefanya kushoto na kulia, nikamaliza nikapiga `ip netns del kulia`, kadi haijarudi kwa hosti. `ip link` haioni, lspci inaiona. Imeenda wapi?

LuthuliBoy — #30
iperf3 -s imebaki inakimbia kwa nyuma, si ndio? ip netns del inafuta jina tu. Neimspesi yenyewe inaishi mpaka mtu wa mwisho atoke, na kadi imo humo. Piga `lsns -t net` utaona PID inayoishikilia, iue, kadi ya chuma inarudi kwa hosti yenyewe baada ya muda mfupi. Ingekuwa veth ingefutika kabisa. Siku nyingine `ip netns pids kulia` kabla ya kufuta.

Kijana_wa_Buza — #31
Na Wi-Fi je? Nimejaribu ip link set wlan0 netns inakataa

Mzee_wa_Modemu — #32
Wi-Fi haihami kwa ip link, unahamisha redio nzima: `iw phy phy0 set netns PID`, PID ya mchakato ulio ndani ya neimspesi. Kama huna redio mbili kuna moduli mac80211_hwsim inakuundia za kuigiza, ila hiyo ni kama netdevsim, Paka atakuja kukufokea.

Kijana_wa_Buza — #33
Imekubali, shukrani mzee. Docker nafuta kauli 🙏

KekoMachungwa — #34
Imerudi, ilikuwa iperf3 kweli. Sasa matokeo ya kushoto na kulia, limiti hakuna, intarapti mbalimbali, ringi imeongezwa mpaka kikomo: kushoto kwenda kulia 941. Kulia kwenda kushoto mara nyingi 900 na kitu, halafu katikati inaporomoka mpaka 500 kwa sekunde kadhaa inapanda tena. Nikabadilisha kadi slot, ile ya kushoto ikakaa kulia. Ugonjwa ukahamia upande wa pili, lakini sio kila mara, kuna testi ndefu moja ilipita nzima bila kuporomoka.

Fundi_Ngamia — #35
Umehama na kadi basi. Ni kadi, sio draiva, sio neimspesi. Draiva ni moja kwa zote mbili.

Mama_Firewall — #36
"Sio kila mara" ndo inayonisumbua. Kadi mbovu ingekuwa mbovu kila siku. Ulipobadilisha slot kebo uligeuza au ncha zilibaki pale pale?

BintiSeva — #37
Mi naangalia pause (kadi kumwambia mwenzake asubiri). `ethtool -a` kwa zote mbili. Mmoja akiwa anatuma fremu za pause na mwenzake anazitii, spidi inaporomoka hivyo hivyo kwa sekunde chache inarudi, na ukiongeza ringi inapungua bila kuisha. Zima rx na tx pause kwa pande zote urudie. Na EEE (kuokoa umeme) pia, `ethtool --show-eee`, kadi za bei chee zikisinzia zinachelewa kuamka.

KodiYaUsiku — #38
Na mi bado sijaitoa draiva kwenye kesi. Fundi anasema draiva moja kwa zote mbili ila ringi mbili zinaweza kuwa na hali tofauti. Kiraka chako kimegusa NAPI (jinsi keneli inavyochota paketi kwa mafungu)? Kama mahali unarejesha kazi iliyofanyika ikiwa sawa na bajeti (64 ndo kawaida) halafu hapo hapo unaita napi_complete_done, umevunja sheria. Inaleta hasa maporomoko ya namna hii, inapita testi ndefu halafu inakwama pasipo sababu. Bandika hiyo poll function hapa tuione.

Paka_Shume — #39
Na yote haya yangekuwa na mashine ya pili yenye draiva inayoaminika mngejua ndani ya nusu saa nani mwenye kosa. Hapa mtumaji na mpokeaji wote ni washukiwa, draiva hiyo hiyo isiyoaminika iko pande zote mbili za kebo. Angalau toa kadi moja, weka adapta yoyote ya USB 3 ya gigabiti upande wa kulia, draiva tofauti.

LuthuliBoy — #40
Kwa mara ya kwanza kwenye uzi huu nakubaliana na Paka. Ila iwe USB 3 kweli kweli na kwenye tundu la USB 3, ile ya 2.0 basi lake ni 480 Mbit/s, mtaanza kesi mpya.

Chapa_Lapa — #41
Adapta hizo sasa hivi bei gani huko Luthuli? Kariakoo wananitajia bei ya kadi mbili

LuthuliBoy — #42
Njoo PM. Beba na lspci yako 😄

KekoMachungwa — #43
Nimeazima adapta kwa jirani wa ghorofa ya chini. Pause zilikuwa on pande zote, nimezima, naendesha ya muda mrefu sasa hivi, mpaka sasa imeporomoka mara moja, rx_missed haijapanda wakati huo. Sijui hiyo inamsaidia nani kati ya #35, #37 na #38. Poll function naibandika nikitoka kazini, ni mistari kama sitini hivi na nusu yake sijaiandika mimi.

Mwana_Beastie — #44
Ukiibandika taja na keneli ya zamani ilikokuwa inafanya kazi. Na kama hiyo chipu ina draiva yake FreeBSD niambie ID ya lspci, nina boksi la 14 hapa, nitaitia kwenye jail mbili nione kama na huku inaporomoka.